Moyo Ulioshuka Tumboni

“Nani amekuwa akimkanda hapa?”

Daktari Rugwiro aliuliza huku macho yake yako kwenye kioo cha ekografi kilichoonyesha ndani ya tumbo. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa kijana mpole, mtoto wa watu waliorudi kutoka uhamishoni Karagwe, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha watangazaji wa redio. Aliona tu kwamba ngozi ya tumbo la mzee Munyakazi inang’aa samli, na michubuko midogo imezunguka kitovu, akauliza. Lakini swali hilo lilimkata Verediane maini. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kalikumbatia koti la mumewe, na mara akaitia mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya koti lile kama mtu aliyeshikwa na baridi.

“Ni mama,” alijibu Denyse, binti yao. “Mama njo anakanda batu kule kwa maji ya moto, Rubona. Bote banamujua.”

Maskini Denyse, alisema kwa fahari. Alidhani anamsifu mama yake. Nesi aliyekuwa mlangoni akacheka kwa pua.

“Ba mama ba kukanda! Tunasema mupaka tunachoka. Bagonjwa banaanzia kwao, banamalizia kwetu.”

Mlango ulikuwa wazi na benchi la nje limejaa. Watu wakageuza shingo waone huyo mama wa kukanda anafananaje. Mmoja wao alikuwa mpagazi wa bandarini ambaye bega lake Verediane alilirudisha mwaka jana, na ambaye tangu siku hiyo humwamkia kwa mikono miwili. Leo mpagazi alipata jambo la maana sana la kutazama kwenye simu yake.

Daktari akaenda kuufunga mlango mwenyewe. Aliporudi aliuliza kwa upole zaidi, “Mama, ulipokuwa ukimkanda, ulihisi nini?”

“Moyo yake,” alisema Verediane kwa sauti ndogo. “Ilishuka. Tangu ule mwezi wa vita ya Goma, mabomu ilianguka ata huku kwetu. Papa Denyse alikuwa inje siku ile. Kisha nikamushika tumbo, nikakuta moyo inapiga huku chini, juu ya kitovu. Bon, mi nikaanza kuipandisha.”

Safari hii hata nesi hakucheka. Kwa akina mama wa maji ya moto, hilo halikuwa jambo la ajabu. Pale ziwani, chini kidogo ya kiwanda cha bia, maji yanachemka yenyewe kutoka ardhini, na wanawake wamekanda watu hapo tangu enzi za mabibi zao. Walijua kwamba hofu kubwa huushusha moyo wa mtu hadi tumboni, na kwamba hupandishwa kwa dole gumba, kwa samli na maji ya moto, kutoka kitovuni kwenda juu, polepole, siku baada ya siku. Verediane alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko wote. Alimkanda mumewe tangu mabomu yale, na moyo ule haukupanda. Badala yake uliendelea kunenepa chini ya vidole vyake, naye akazidi kukaza dole gumba.

Daktari Rugwiro akavuta kiti, akaketi.

“Moyo wa mzee uko mahali pake, mama. Ulichokishika ni mshipa mkubwa wa damu. Unatoka moyoni na kushuka mbele ya uti wa mgongo.” Akapitisha kidole juu ya shati lake, toka kifuani hadi kitovuni. “Hapa mishipa ya figo inachipuka. Huku chini, mshipa unagawanyika mara mbili kwenda miguuni. Katikati ya hapo na hapo, ndipo unapopenda kuvimba kuliko mahali pengine popote tumboni. Wako wanaovimba chini zaidi, kwenye yale matawi ya miguuni. Wengine, na hasa wanawake, huvimba upande huu, kwenye mshipa wa wengu. Mzee wako ni hapa penyewe, chini ya figo. Umeona tyubu ya baiskeli iliyochakaa sehemu moja, ukiijaza upepo inatoa shavu? Ndivyo ulivyo.”

“Na ile shavu,” Munyakazi akauliza akiwa bado amelala, “inafanya nini?”

“Siku moja inapasuka, mzee. Na ikipasuka, mara nyingi mtu hafiki hospitali.”

Ilisemwa waziwazi namna hiyo. Verediane akaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

Daktari aliendelea. Alikuwa amekwisha kupiga simu Kigali. Mpasuaji wa mishipa angempokea mzee Jumatatu, gari la wagonjwa lingempeleka. Afadhali alale hapa hospitali mpaka siku hiyo. Asibebe kitu, asisukume kitu, asivute hata pumzi moja ya sigara. Na ndugu zake wa damu, wa kiume hasa, waje wapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo.

“Na tumbo lisiguswe, mama. Hata kidogo. Hata akikuomba.”

“Nimesikia, docteur,” alisema Verediane.

Kulala hospitali, Munyakazi alikataa katakata. Alikuwa mlinzi wa mitumbwi pale bandarini Rubona, kazi aliyopewa baada ya mgongo kukataa magunia, na hakuona ni nani mwingine angejua mtumbwi upi ni wa nani. Denyse alimbembeleza, daktari akamwelimisha, nesi akamgombeza. Mzee akavaa koti lake.

“Jumatatu nitakuja mi mwenyewe, na miguu yangu,” alisema. “Mi si mutu wa kukimbia.”

Wakampa karatasi aweke sahihi kwamba ameondoka kwa hiari yake. Aliiweka bila kuisoma.

*

Siméon, mdogo wake Munyakazi, aliwangoja kwenye kibanda cha sinia za sambaza, wale dagaa wa ziwani, sigara mdomoni. Walikuwa wamefanana hao wawili kwa kila kitu: vifua vipana, meno ya tumbaku, na sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Siméon hakujua kusema polepole.

“Eh, shemeji! Banasema nini kule?”

Wauza samaki wakanyamaza ili wasikie. Wawili kati yao walikuwa wateja wa Verediane. Mmoja alikuwa amemwahidi kumleta mkwewe kutoka Bugeshi aje akandwe kiuno. Verediane aliwatazama. Kisha akasikia mdomo wake unasema:

“Figo. Banasema iko na kashida ka figo. Jumatatu anaenda Kigali, bamuangalie muzuri.”

“Figo tu? Yoo, Imana ishukuriwe!” Siméon akampiga kaka yake mgongoni kwa furaha. “Ni ile bia, muzee! Sasa kunywa maji.”

Munyakazi akamtupia mkewe jicho. Denyse alingoja mpaka walipofika nyumbani na kufunga mlango, akalipuka.

“Mama, juu ya nini unadanganya? Docteur alisema baba mudogo naye apimwe!”

“Nitamwambia.”

“Lini?”

“Kwanza baba yako arudi muzima. We unafikiri nini, Denyse? Nikisema leo pale inje kwamba Verediane alikosea, kwamba alikuwa anakamua mushipa wa mutu anasema ni moyo, kesho nani atalala mbele yangu? Ile siku barrière inafungwa unarudi na maziwa yako yameharibika, tunakulaka nini? Si hii mikono?”

Kila asubuhi Denyse alivuka mpaka wa Grande Barrière na maziwa na vitunguu kwenda kuuza Goma, na tangu vita ile mpaka ulikuwa na tabia zake. Kuna siku ulifunguka, kuna siku ulifungwa mapema, kuna siku askari aliamka vibaya. Siku hizo zote chungu kilipikwa kwa kazi ya maji ya moto. Lakini tuseme ukweli, si chakula peke yake kilichomziba Verediane mdomo. Alikuwa na jina. Watu walitoka Kigali na magari yao, wakauliza pale ziwani, “Yuko wapi yule mama?” Hakusoma shule hata ya kutosha kuandika barua, na jina hilo ndilo lililokuwa shule yake. Alihurumia tumbo la mumewe, ndiyo, lakini na jina lake alilihurumia.

“Muache mama yako,” alisema Munyakazi kutoka kwenye kiti chake. “Na mi sijaamini ule mutoto. Anaangalia katelevizyo yake, basi anajua tumbo yangu kupita mutu alilala nayo miaka yote hii? Nilibeba magunia ya batu pale bandari mupaka mifupa ikalia. Kila jioni narudi nimekufa, mukono ya mama yako inanifufua. Ule mutoto alikuwa wapi?”

Verediane aligeuka kuelekea jikoni haraka, kwa sababu machozi yalikuwa yamefika. Angefurahi kama mumewe angemlaumu. Kumtetea kulimuuma zaidi.

*

Ijumaa maumivu yalirudi, yakaanza mgongoni na kupita hadi kinenani. Munyakazi alikuwa amekaa uani akishona kipande cha wavu. Akaweka sindano chini, akafungua vifungo vya shati bila kusema neno, kama alivyozoea, na kusogea kwenye mkeka. Kopo la samli lilikuwa mahali pake juu ya dirisha.

“Mama Denyse.”

“Meza ile dawa walikupa.”

“Nilimeza. Lete mukono.”

“Hapana, Papa Denyse.”

Katika ndoa yao yote Verediane alikuwa amemnyima mumewe mambo kadhaa, chumvi ya ziada na pesa za kunywea zikiwemo, lakini mkono hakuwahi kumnyima. Munyakazi alimtazama kama mtu anayeangalia mlango wake mwenyewe umefungwa kwa ndani.

“Donc na we umeniogopa? Nimekuwa maiti?”

“Sikuogopi we. Naogopa hii,” akamwonyesha viganja vyake.

“Ile yote ulinifanyiaka ilikuwa ya bure, basi? Ulikuwa unanicheza?”

“Sikujua.”

“Ulijua!” Mzee alikasirika kweli, na hasira ikamtia kikohozi. “Bote banasema unajua. Mi mwenyewe nilisema kwa batu, muke yangu anajua. Sasa mutoto wa juzi anakuambia neno moja, unakuwa mujinga?”

Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja. Kimoja alikikosea, shati likakaa upande, na Verediane hakuthubutu kumrekebisha. Jioni ile mzee alikula peke yake nje ya mlango, akivuta sigara ambayo alikatazwa, na mkewe aliiona akamwachia, kwa sababu alikwisha kumnyima kitu kimoja siku hiyo na cha pili kilimshinda.

*

Jumamosi wageni walikuwa wengi kwenye maji ya moto. Mvuke ulifuka kati ya mawe, vijana wakachemsha viazi ndani ya vifuko, watoto wakarukaruka pale ziwa linapochanganya baridi na moto. Verediane alikanda migongo na vifundo vya miguu. Tumbo hakugusa hata moja. Kila aliyetaka tumbo alimsukumia Mukagatare, akisingizia dole gumba linamuuma.

Mukagatare alikuwa mwanafunzi wake. Alimchukua akiwa mjane asiye na mbele wala nyuma, akamwekea vidole vyake juu ya miili ya watu, akamfundisha hapa bonyeza, hapa pita mbali. Miezi michache iliyopita alimwita nyumbani akaushike moyo ulioshuka wa Munyakazi, apate kuujua akikutana nao kwingine. Alikuwa msikivu, Mukagatare. Alichofundishwa alikishika kama sala.

“Mama,” aliuliza sasa, akiipasha samli mikononi, “muzee iko aje? Ile moyo yake, imefika wapi?”

Hapo ndipo Verediane angesema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini kati yao alikuwa amelala mama mmoja mnene wa kutoka mjini, macho amefumba na masikio wazi, na pembeni wakandaji wenzao wawili walikuwa wakisubiri wateja kwa wivu wao wa kila siku. Verediane akajipangusa samli mikononi.

“Inapanda,” alisema. “Polepole.”

“Imana ni mukubwa,” Mukagatare alijibu kwa furaha ya kweli, na kuinamia tumbo la yule mama.

*

Jumapili Verediane alikwenda misani. Aliomba Jumatatu ifike, akaomba gari la wagonjwa lisiharibike njiani, akaomba mpasuaji wa Kigali awe amelala vizuri. Aliahidi pia, mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kwamba mzee akirudi salama atamwambia Mukagatare yote, na Siméon yote, hata wakimcheka. Alitoka kanisani mwepesi kidogo, amepiga moyo konde.

Nyumbani mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Aliangalia dirishani, na kopo la samli halikuwapo.

Hakufunga mlango. Alishuka ile njia ya ziwani na nguo zake za misa, viatu mkononi, akiwapita watu waliomwamkia bila kuwaona. Kabla hajafika alisikia sauti za wanawake, na sauti za namna ile kila mtu anazijua.

Munyakazi alikuwa amelala kwenye jiwe pana, shati wazi hadi chini. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na jasho lilimtoka baridi wakati pembeni yake maji yanachemka. Mukagatare alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono inameremeta samli.

“Mama! Alisema we njo ulimutuma! Alisema, Mama Denyse amechoka, dole gumba inamuuma, ameniambia niende kwako. Mi nilifanya vile ulinifundishaka, vilevile, chini kwenda juu. Akasema, aah, hapo, hapo muzuri. Kisha akalia!”

Kumbe mzee naye alidanganya. Hakutaka Rubona ijue kwamba mkewe alimkatalia mkono. Aliona haya kwa niaba yake.

“Bameita ambulance,” mtu alisema. “Iko njiani.”

Verediane akaketi juu ya jiwe, akakiweka kichwa cha mumewe mapajani. Munyakazi akafumbua macho, akamtambua.

“Mama Denyse. Mugongo unakatika.”

“Nyamaza, Papa Denyse. Gari inakuja.”

“Kanda kidogo.”

Wanawake wote walikuwa wakitazama. Verediane akauweka mkono wake juu ya kitovu cha mumewe, mahali pale pale, kiganja wazi. Hakubonyeza. Aliuacha umelala tu, na Munyakazi akashusha pumzi kama aliyepata alichokuwa akikitafuta. Tumbo lilikuwa gumu kuliko alivyowahi kulijua. Chini ya kiganja kile kitu bado kilipiga, lakini haraka haraka na kwa udhaifu, hata ikambidi atulie sana ili akisikie. Kisha akawa hasikii vizuri kama ni chenyewe au ni damu ya mkono wake. Kisha akajua ni ya mkono wake.

Gari lilipofika lilimkuta hajauondoa.

*

Daktari Rugwiro alisema katika simu kwamba mshipa ule ungeweza kupasuka hata mzee akiwa amelala kitandani, kwamba hakuna mtu duniani awezaye kujua. Verediane alimshukuru. Denyse alipouliza daktari kasema nini, alimweleza, na Denyse akauma midomo. Tangu Jumapili binti huyo alimhudumia mama yake kwa kila kitu, uji, khanga safi, maji ya kuoga, na hakumtazama usoni hata mara moja.

Walimzika Jumanne. Kabla hata udongo haujakauka, hadithi ilikuwa imejipika yenyewe bandarini: Mukagatare alitaka kumpokonya mwalimu wake wateja, akaanza na mumewe. Wengine walitia chumvi, wakasema ile samli haikuwa samli. Siméon ndiye aliyeisema kwa sauti kuliko wote. Alilia akisema, akavuta sigara akisema.

“Kaka yangu alikuwa na figo tu! Figo! Kesho yake anaenda Kigali. Ule mwanamuke akamuua na mikono! Kesho nampeleka kwa batu ba serikali, na pale kwa maji ya moto asikanyage tena.”

Kutoka makaburini watu walirudi nyumbani kwa marehemu kunawa mikono, kama ilivyo desturi. Viti vilipangwa uani chini ya turubai. Mukagatare hakuthubutu kuingia. Alisimama nje ya ua wa miti, kajifunika kichwa, na kila aliyepita karibu naye alisogea pembeni kana kwamba atapakwa kitu. Mtu mmoja alitema mate. Verediane aliviona vyote hivyo kutoka kitini pake.

Ikaletwa beseni na birika. Mjane hunawa kwanza. Msichana wa jirani alipiga goti mbele yake akainamisha birika, na Verediane akaweka mikono yake mapajani.

“Ngoja.”

Ilikuwa desturi pia kwamba mtu wa nyumbani asimame aeleze marehemu aliuguaje na alikufaje. Kazi hiyo alipewa Siméon, na alikuwa amekwisha kusimama, anakohoa ili aanze. Verediane akainuka.

“Shemeji, kaa,” alisema. “We haujui. Mi njo najua.”

Siméon hakukaa. Verediane alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi namna ile, na alianza vibaya, kwa kurudia rudia jina la mumewe. Kisha akajikaza.

“Papa Denyse haikuwa na figo. Nilibadanganya. Ilikuwa mushipa mukubwa wa damu, huku, chini ya figo, juu ya kitovu. Ulivimba. Mi nikaushika nikasema ni moyo imeshuka. Nikaubonyeza tangu wakati wa mabomu. Docteur akaniambia Alhamisi: usiguse. Mi nikaacha kugusa, lakini nikaficha. Niliogopa mutaniacha. Mukagatare aliniuliza Jumamosi, na mdomo wake, muzee iko aje? Nikamwambia, inapanda. Kama ningemwambia kweli, angemukatalia. Ule pale inje hana kosa. Alifanya vile nilimufundisha.” Akainua mikono, viganja mbele, wote wakaviona. “Mukono ni huu. Mukitaka kupeleka mutu kwa serikali, mutapeleka huu.”

Denyse alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Wakandaji wenzake wawili walitazamana. Kesho wangepata wateja wengi, na kwa haki lazima isemwe kwamba hata wao hawakufurahi. Nje ya ua, Mukagatare alichuchumaa chini na kuanza kulia kwa sauti, na bado hakuna aliyekwenda kumwinua.

Verediane akabaki amesimama. Lilikuwa limebaki moja, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

“Docteur alisema neno ingine,” aliendelea, na sasa alikuwa akimtazama mtu mmoja tu. “Alisema hii ugonjwa inatembea katika damu. Alisema ndugu wa kiume waende bapimwe. Hiyo pia niliificha, shemeji. Unisamehe.”

Siméon alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Rubona imjue, haukutoka hata mguno. Sigara ilikuwa inaungua kati ya vidole vyake. Aliitazama, akaiangusha, akaikanyaga. Watu walikuwa wakimngoja apige kelele, amtukane shemeji yake, afanye lolote. Yeye aliuingiza mkono wa kulia polepole ndani ya koti, chini ya shati, akaulaza juu ya kitovu chake, akasimama hapo hapo mbele ya watu wote, kichwa amekiinamisha, akisikiliza.